Bima ya Vyombo vya Biharusi

Nezihe alikuwa na jambo moja la kumwambia mjukuu wake kabla hajamkabidhi nyumba, na alikuwa ameliahirisha tangu siku ya uchumba. Siku ile Simay alipovishwa pete, bibi alifungua mdomo, akaishia kuuliza kama chai imewatosha wageni. Baada ya hapo visingizio havikukosekana, maana asiyetaka kusema hakosi sababu. Sasa zimebaki wiki tatu harusi ifike, chumba cha nyuma kimejaa vyombo vya biharusi mpaka dirishani, na asubuhi hii mtu wa bima yuko njiani.

Mpango ulikuwa umeshapangwa na kila mtu alikuwa ameufurahia. Nyumba ya ghorofa ya tatu katika Jengo la Yasemin itaandikwa jina la Simay, yeye na mumewe Onat waanze maisha humo, na Nezihe ahamie Ankara kwa binti yake Aysun, mama yake Simay. Bibi atakwenda mbali na msichana atabaki. Hilo ndilo ambalo Nezihe hakuweza kulifurahia.

Bima yenyewe haikuwa wazo lake. Ofisi ya hati haihamishi jina la nyumba bila ile bima ya lazima ya tetemeko, hilo kila mtu wa mji wao wa Yalova analijua. Lakini Simay aliitaka na ile ya pili, ya vitu vya ndani. Alikuwa msichana wa maabara ya hospitali, wa kubandika karatasi yenye jina kwenye kila kichupa, na alitaka maisha yake yawe hivyo hivyo.

"Bibi, usinune. Mtu anakuja kuandika tu," alisema.

"Kuandika tu! Unamwandikisha mtu vyombo ambavyo hata chai haijanywewa humo. Huko ni kuita balaa kwa jina lake."

"Balaa haliitwi, bibi. Linajua njia lenyewe."

Tuncay, wakala wa bima, alifika saa nne. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye jasho hata wakati wa baridi. Alivua viatu mlangoni, akavaa ndara za wageni ambazo visigino vyake vilining'inia nje, akanyoosha viganja amiminiwe marashi ya limau kama ilivyo ada. Kisha akaketi, akafungua kompyuta yake kati ya sahani ya biskuti na bakuli la sukari.

"Shangazi Nezihe, hongera ya harusi. Nimeambiwa unamwachia mjukuu kasri."

"Kasri gani, mwanangu. Kuta nne na lifti inayokohoa."

"Basi sikiliza nikueleze hizo kuta nne. Bima ya lazima inalipa jengo. Nyinyi hapa kila mtu ana nyumba yake, lakini ngazi, paa, msingi na nguzo ni mali ya wote. Hiyo ndiyo bima ya lazima inayoitazama. Sasa zulia lako, friji, sahani, makochi, hivyo haivijui kabisa. Jengo likianguka, inakupa fedha za kuta, na sahani zako unaziokota mwenyewe."

"Kwa hiyo nitalipwa kuta, nizipakulie wageni?"

Tuncay alicheka mpaka kompyuta ikatikisika. "Ndiyo maana mimi nipo, shangazi. Mimi ndiye mtu wa sahani."

Simay akaleta orodha ya vyombo vya biharusi. Ilikuwa imeandikwa na shangazi zake wawili wa upande wa baba, kwa mkono, kurasa tano, kila kitu na idadi yake. Tuncay alianza kuisoma kwa sauti huku akiandika: mashuka kumi na manane, taulo arobaini, mabirika pacha mawili ya chai, sahani seti ya watu ishirini na wanne.

"Ishirini na wanne! Mnafungua hoteli?"

"Wageni wa Kituruki hawaombi ruhusa," Simay alisema. "Endelea kuandika."

Alipofika kwenye lesi za sindano, zile za pembeni mwa leso na vitambaa vya kichwa, Tuncay alikwama. Nezihe alizifuma miaka tisa, tangu Simay akiwa shule, ua baada ya ua, kwa uzi mwembamba usioshikika.

"Hizi nitaziandika thamani gani, shangazi?"

"Andika macho yangu mawili."

Wote watatu walicheka, na kwa muda mfupi Nezihe akajisikia mwepesi, akadhani huenda siku itapita salama. Moyo wa mtu ni mpumbavu, ukipewa kicheko kimoja tu unasahau jeneza lililo mlangoni.

"Haya, sasa maswali ya jengo," Tuncay alisema. "Ghorofa ngapi?"

"Saba."

"Ukubwa wa nyumba?"

"Mita mia na kumi."

Tuncay aliinua kichwa. "Si themanini?"

"Mia na kumi. Pima mwenyewe."

"Shangazi, wewe ni mtu wa kwanza mwezi huu kuniambia mita za kweli. Wengine nyumba zao zikifika kwangu zimenywea kama sweta iliyofuliwa kwa maji moto, ili walipe kidogo. Haya. Tetemeko kubwa lilipopita, jengo liliumia?"

"Nyufa ndogo. Wakaguzi walikuja, wakaandika ni ndogo."

"Na pale chini dukani, kuna mtu aliyewahi kutoa ukuta, kugusa nguzo?"

"Hapana," alisema Nezihe.

Aliisema haraka, na papo hapo akainuka kwenda kuongeza maji kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa.

Duka la chini lilikuwa lao. Leo limepangishwa kwa muuza vipodozi, lakini zamani lilikuwa duka la keki la mumewe Fikret. Lilikuwa na keki nzuri na mlango mbaya, kwani nguzo nene ilisimama katikati ya mbele, kati ya kioo na mlango, kama mgeni asiyejua kuondoka. Aliyeichukia si Fikret. Ni yeye Nezihe, aliyekaa nyuma ya kaunta kutwa akiwatazama watu wakipita njia. "Wanaona nguzo, hawaoni keki," alimwambia mumewe asubuhi na jioni, miaka miwili, mpaka yule mwanamume mpole akachoka. Wakasubiri Sikukuu ya Idi ya Kuchinja, jengo zima lilipoondoka kwenda kusalimia wazee huko makwao. Fikret akaleta mtu na mashine. Kwa siku mbili, mchana kweupe, waliikata nguzo ya jengo la ghorofa saba, wakaweka chuma juu, wakaficha jeraha kwa kioo cha kujitazamia. Majirani waliporudi walikuta duka pana, linameremeta, wakapewa keki ya bure. Mauzo yaliongezeka. Nezihe alifurahi, hilo nalo lisemwe. Alifurahi miaka minane, mpaka usiku ardhi ilipotikisika na nusu ya mji ikalala chini.

Jengo la Yasemin halikuanguka. Nyufa zilizotokea Fikret aliziziba kwa plasta na rangi ya maziwa. Yeye na mkewe hawakuizungumzia nguzo ile tena hadi alipokufa, miaka minne iliyopita, na alipozikwa Nezihe aliamini kwamba sasa duniani amebaki peke yake anayejua.

Aliporudi sebuleni na birika, Simay na Tuncay walikuwa wameshafika kwenye kuchagua. Kulikuwa na bima ya aina tatu. Ndogo ililipa moto na wizi. Ya kati iliongeza maji, yaani bomba la jirani wa juu likipasuka. Kubwa iliongeza tetemeko kwa vitu vya ndani, na fedha za kupanga mahali pengine mtu akikosa pa kukaa.

"Ya kati inatosha," Simay alisema. "Jirani wa juu ndiye tetemeko letu."

"Kubwa," alisema Nezihe.

"Bibi, si ulikuwa hutaki hata ndogo?"

"Nimesema kubwa. Andika kubwa, Tuncay. Kila kitu. Zulia, lesi, vijiko. Kuna kubwa zaidi ya hiyo?"

Tuncay alimtazama kwa furaha ya muuzaji, kisha furaha ikampungua kidogo, kwa sababu mwanamke yule alikuwa anamimina chai kwenye kikombe kilichojaa, inamwagika sahanini. "Hiyo ndiyo ya mwisho, shangazi. Juu yake ni Mungu."

"Na watu?"

"Watu gani?"

"Waliolala ndani. Wameandikwa wapi?"

"Watu ni bima ya maisha, fomu nyingine kabisa. Hii ni ya vitu. Mtu akiwa ndani, mimi humu sina pa kumweka."

"Mimi si chombo, bibi," Simay alisema huku akicheka. "Usinitafutie nafasi kati ya masufuria."

Hapo ndipo Nezihe alipoweka birika mezani. Hakujiandaa. Kwa mwaka mzima alikuwa amejitungia maneno laini ya kuanzia, na yote yalimkimbia.

"Simay, chini ya chumba mtakacholala hakuna nguzo."

"Hakuna nini?"

"Nguzo. Ilikuwepo. Mimi na babu yako tuliikata kwa ajili ya duka. Mama yako alikuwa na miaka kumi na moja."

Kutoka chini ulisikika mlio wa mlango wa duka la vipodozi, mteja ameingia. Tuncay alifunga kompyuta taratibu.

"Mimi nilikuwa natazama skrini," alisema. "Sijasikia kitu."

"Umesikia," alisema Simay.

"Dada yangu, nielewe. Nikisikia, lazima niandike, na nikiandika hakuna atakayewauzia hata karatasi. Nisiposikia, mtalipa kila mwaka vizuri kabisa, na siku ya siku watakuja wahandisi, wataona pengo, hawatawapa hata kijiko kimoja. Vyovyote vile nyinyi hapa hamna bima. Nawaambia kama ndugu, si kama wakala."

Simay aliinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alitoka hadi mlango wa jirani wa mkabala, akagonga, akarudi na mzee Hayrettin, mwenyekiti wa jengo, mwenye sweta la mikono mifupi na miwani iliyoning'inia kifuani. Hayrettin na Fikret walikuwa marafiki tangu jeshini, na Nezihe hakuwahi kumwita ila kaka.

"Mweleze," Simay alimwambia bibi yake. "Mweleze kama ulivyonieleza mimi."

Nezihe akaeleza tena. Mara hii alilia. Alitegemea Hayrettin ashike kichwa, atukane, hata amtemee mate. Alikuwa tayari kwa yote hayo. Lakini mzee aliketi tu kwenye kochi, akamtazama Tuncay, akatazama kompyuta iliyofungwa.

"Shemeji," alisema kwa uchovu, "hayo ndiyo mambo ya kusema mbele ya mtu wa bima?"

"Ulijua?"

"Nani asiyejua? Sikukuu ile gari langu liliharibika Bursa, nikarudi siku ya pili. Vumbi lilikuwa mpaka barabarani. Ulidhani sisi ni vipofu, nguzo nene vile iyeyuke yenyewe?"

Miaka yote hiyo Nezihe aliibeba siri ile peke yake, akiamka usiku kusikiliza kuta, akiwaogopa watu hawa kwenye lifti, akiwaonea huruma. Kumbe alikuwa akiwaficha kitu ambacho kila mtu alikuwa nacho mfukoni.

"Mkanyamaza?" aliuliza.

"Tuliketi nyumbani kwangu, familia zote kumi na nne. Fikret alitwambia anachoweza kufanya. Paa lilikuwa linavuja, lifti haikuwa na mashine. Ulidhani ile lifti alituletea kwa mapenzi?"

"Aliniambia ni sadaka," alisema Nezihe.

"Ilikuwa bei, shemeji. Na tuliipokea, sikatai. Mke wangu alikuwa na miguu mibovu."

"Na familia hizo kumi na nne ziko wapi?" Simay aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kimaabara, haina chumvi wala sukari.

Hayrettin alifuta miwani yake kwa pindo la sweta. "Wengi wameuza."

"Waliwaambia walionunua?"

"Wewe ukiuza utasema?"

Simay alimgeukia Tuncay. "Nani anaweza kuomba jengo lipimwe?"

Tuncay alisita. Alikuwa ameshavaa koti, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja basi. "Mwenye nyumba yeyote mmoja. Manispaa. Hati na saini tu, hahitaji kura ya wengine."

"Mmoja tu?"

"Mmoja anatosha."

Hati ilikuwa bado kwa jina la Nezihe. Wote wanne walilifahamu hilo kwa pamoja, na Hayrettin akabadilika. Aliinuka, akaja akasimama mbele ya shemeji yake, akaongea kwa upole uliotisha kuliko kelele.

"Usimwamshe aliyelala, shemeji, utalala wewe. Wakipima, watatupa siku chache tuhame. Ghorofa ya kwanza kuna mama mwenye pacha wa miezi minne, ghorofa ya sita kuna mgonjwa wa figo. Mimi nina miaka sabini na tisa, nitaanza upya wapi? Jengo limesimama kwenye tetemeko kubwa. Limesimama! Litasimama hadi sisi tufe."

"Na mimi?" Simay aliuliza. "Mimi nisimame hadi lini?"

"Wewe usihamie, mwanangu. Basi. Nani amekulazimisha? Uzeni, mnunue kwingine."

Hilo ndilo lililomfanya Nezihe aamue, ingawa hakuwa shujaa na hakuna aliyemwona hivyo, si siku ile wala baadaye. Alimwona mnunuzi akilini mwake. Alimwona kijana fulani na mkewe wakipanda kwa lifti, wakipimapima mahali pa kitanda, na yeye Nezihe akiwamiminia marashi ya limau mikononi. Akaenda chumbani, akatoa hati chini ya mashuka ya biharusi, akavaa koti.

"Ukitoka na hiyo hati," Hayrettin alisema mlangoni, "humu ndani usinisalimie tena."

"Sitakusalimia, kaka."

Manispaa ilikuwa mwendo wa robo saa. Bibi na mjukuu walitembea bila kushikana mikono, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Simay ajue kutembea. Pale dirishani kijana wa fomu aliuliza jina, anwani, na sababu ya ombi. Nezihe akasema sababu. Kijana akaandika mstari mmoja, akapiga muhuri, akamwambia watakuja wataalamu ndani ya wiki mbili kuchimba vipande vya zege, asubiri barua. Ilichukua dakika tisa. Nezihe alishangaa kwamba kitu kilichomla miaka yote hiyo kilitoshea kwenye mstari mmoja na bado nafasi ikabaki.

Nje kulikuwa na benchi. Waliketi, mmoja kila mwisho.

"Tutafanyia harusi ukumbini kama ilivyopangwa," Simay alisema akitazama barabara. "Baada ya hapo tutakaa kwa mama yake Onat. Ana chumba. Kidogo."

"Na vyombo?"

"Sijui, bibi. Usiniulize vyombo."

Akatoa simu, akatafuta namba, akampa. "Mwambie mama. Mimi siwezi kumwambia kwa niaba yako."

Nezihe aliiweka sikioni. Aysun alipokea kwa sauti ya mtu aliye katikati ya kazi na anayefurahia usumbufu. "Simay? Mapazia yameenea madirishani? Nilimwambia fundi asiyakate mafupi."

"Ni mimi, Aysun."

"Mama! Mbona sauti hiyo? Sukari imepanda?"

Akamwambia. Alianza na nguzo, akaja kwenye kioo, akaja kwenye lifti na Hayrettin, akamaliza na muhuri wa manispaa. Hakumsingizia Fikret. Alisema, "Mimi ndiye niliyetaka ikatwe, yeye alinitii tu."

"Chini ya chumba changu?" Aysun aliuliza.

"Chini ya chumba chako."

"Mama, nikuulize kitu. Mwaka wa tetemeko tulikuwa hemani, kule bustanini, watu wote. Siku ya nne ulikuja ukanishika mkono, ukasema turudi ndani, nyumba yetu haina neno. Mimi nililia. Nilikuwa mtu mzima na nililia mbele za watu, nikakwambia naogopa, na ukanivuta. Tukawa wa kwanza kurudi. Wengine walipotuona tumerudi, nao wakakunja mahema."

"Nakumbuka."

"Siku ile ulikuwa unajua?"

Nezihe angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba Fikret alimwambia wasiporudi wao kwanza, wenye duka, watu wataanza kuuliza kwa nini, na kwamba usiku ule na mingine iliyofuata alikesha mlangoni pa chumba cha binti yake akisikiliza dari. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini binti yake hakuuliza hayo.

"Nilikuwa najua," alisema.

Aysun hakupiga kelele. Alisema, "Haya, mama. Nimesikia," na simu ikakatika. Nezihe alibaki ameishika sikioni, na Simay, kule mwisho wa benchi, hakunyoosha mkono kuidai.